Brokoli haili samadi

Haya asanteni, kaeni kaeni, na nyie wa nyuma sogeeni mbele maana hii maiki inakatakata. Nimeombwa niongelee mbolea za asili kwenye brokoli, na mlionisikia huko nyuma mnajua naanzia wapi, nimemwona mmoja pale ameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Cheka tu. Nitasema tena na tena mpaka watu waache kufanya wanachofanya.

Brokoli haili samadi. Haili mboji, haili mavi ya kuku, haili majani yaliyooza. Mzizi wa brokoli unanyonya naitrojeni, kile chakula chake kikuu cha kujenga majani, ikiwa imeshageuka kuwa naitreti au amoniamu na imeyeyuka kwenye maji ya udongo, basi, hakuna njia nyingine ya maana. Anayekula samadi ni bakteria na fangasi. Wao wanakula, wanashiba, kinachobaki ndio brokoli inapata. Na hawa vijidudu wana masharti yao, wanataka joto, wanataka unyevu, wanataka hewa. Udongo ukiwa wa baridi wanalala. Udongo ukiwa mkavu wanalala. Ukijaa maji mpaka hewa haipiti, naitreti inapotea hewani na wewe umekaa unasubiri kichwa.

Sasa kuna bwana mmoja, simtaji, alikuwa na matuta mazuri sana ya brokoli, miche imeshika vizuri, nafasi nzuri, maji yapo. Samadi anayo rundo zima, lakini hakuiweka mwanzoni, alisema anaitunza, ataweka mmea ukishaanza kutoa kichwa "ili kichwa kiwe kikubwa". Mnaona hesabu yake? Inaonekana ina akili kabisa. Kichwa kikitokeza kidogo akaja na samadi, akazungusha kila shina, akamwagilia, akasubiri. Vichwa vikabaki vidogo, vingine havijafika hata ukubwa wa ngumi, na majani ya chini yakawa ya njano. Akanipigia simu amekasirika kwelikweli, ananiambia mambo ya kilimo hai ni porojo, sitasahau, alisema "umetupotezea msimu". Mimi? Nikamwambia subiri. Msimu uliofuata akapanda mchicha kwenye matuta yale yale, hakuongeza kitu, mchicha ukatoka kijani ya kuiva, majani mapana, watu wanasimama kuangalia. Unajua alimsifia nani? Mbegu! Alisema amepata mbegu nzuri. Jamani, ile ni samadi ya brokoli ndiyo imefika sasa. Chakula kilikuwepo shambani muda wote, ila hakikuwa kimeiva wakati mlaji yuko mezani. Ni sawa na mtu ana njaa leo halafu unamwonyesha mahindi bado yako shambani.

Na brokoli ndiyo mbaya zaidi kwa hili kuliko mboga nyingi, ngoja nieleze kwa nini, hapa ndipo watu wanapokosea. Ukishahamisha mche kutoka kitaluni (kwa kawaida una wiki 4 hadi 6), unachukua kama siku 60 hadi 80 hivi mpaka kukata kichwa, inategemea na aina na hali ya hewa. Huo ni muda mfupi. Wiki za kwanza mmea unakula kidogo tu, unajenga mizizi, alafu ghafla unaanza kula kama umefunguliwa, majani yanapanuka na naitrojeni inavutwa kwa kasi mpaka siku ya kuvuna. Kwa hiyo samadi inatakiwa iwe imeshaanza kuachia chakula kabla ya hiyo kasi, siyo ianze kuvunda wakati wa hiyo kasi. Na usifikiri kwa kuwa mwanzoni unakula kidogo basi unaweza kuunyima, hapana, mche ukidumaa mapema kwa njaa au baridi au kukaa kitaluni mpaka umezeeka, unatoa kichwa kidogo kama kifungo cha shati kabla ya wakati, na ukishafanya hivyo hakuna mbolea duniani itakayokirudisha. Umekwisha.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, basi si tuweke za viwandani tumalize. Sijasema hivyo mimi. Ya viwandani inafika haraka, ni kweli, na ukimwagilia sana au mvua ikipiga inaondoka haraka pia, inashuka chini na naitreti yake. Mboji inashika maji, inafanya udongo usigande juu, inaleta sulfa na boroni na vitu vingine vidogo ambavyo mfuko wa urea hauna. Naitaka mboji. Nataka tu iingie kwa wakati wake.

Sasa wakati wake ni upi. Mboji iliyoiva, changanya na udongo wiki 2 au 3 kabla ya kuhamisha miche, hata ikiwa siku hiyo hiyo haitaunguza kitu. Samadi ya ng'ombe au mbuzi ambayo haijaiva, miezi kabla. Miezi, siyo wiki. Marekani kwenye kanuni zao za kilimo hai wanasema samadi mbichi ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi, na wao wanaongelea vimelea, E. coli na salmonela, siyo shibe ya mmea. Chukua hata ile 90. Brokoli yako inakaa shambani siku 60 mpaka 80. Toa. Maana yake hata kwa kipimo kile chepesi, samadi mbichi iwe imeshaingia ardhini kabla mche haujatoka kitaluni! Kwa hiyo yule anayezungushia kinyesi kibichi kwenye shina kichwa kimeshatokea, kwanza mmea haumfaidii, pili anatuletea ugonjwa mezani, maana kile kichwa kina vishimo elfu, tone la maji machafu likirukia pale ukioshe vipi?

Njia ya kumaliza ubishi ni kuivisha rundo vizuri. Changanya kikavu na kibichi mpaka kaboni iwe kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, huna haja ya mashine, samadi na majani mabichi kiasi, mabua na majani makavu mengi zaidi. Ukikamata konzi ukabana, yatoke matone mawili matatu, siyo mchirizi. Ndani rundo lifike nyuzi 55 na kupanda, siku kadhaa, uligeuze ili lile la nje liingie ndani, wanaofuata kanuni ile ya Marekani wanageuza angalau mara 5 ndani ya siku 15 za joto hilo. Alafu, hapa wengi wanakimbia, liache lipoe na litulie wiki kadhaa zaidi. Likinuka amonia bado. Likinuka udongo wa msituni tayari. Una wasiwasi? Otesha figili kwenye kopo la mboji hiyo, zikigoma kuota au zikaota zimesinyaa, rudisha rundoni.

Na tafadhali, maranda ya mbao. Kuna watu wanapenda maranda! Anachanganya maranda mabichi kwenye tuta anasema udongo utakuwa laini. Maranda yana kaboni mara 300 mpaka 500 ya naitrojeni, vijidudu vikianza kuyala vinakosa naitrojeni ndani yake, kwa hiyo vinachukua ile ya udongo, ile ya brokoli. Majani ya chini ndiyo yanaanza kuwa njano, kwa sababu mmea unahamisha naitrojeni kutoka kwenye jani zee kwenda jani changa. Maranda weka juu ya udongo kama matandazo, hapo hayana shida kubwa, au yatumie chini ya kuku kwanza.

Kiasi gani? Mnauliza kila mara na kila mara nasema hesabu, mnaguna. Haya tuguneni pamoja. Brokoli inayozaa vizuri inahitaji naitrojeni kama kilo 200 kwa hekta, hiyo ni gramu 20 kwa mita moja ya mraba. Mboji ya kawaida ikiwa kavu ina naitrojeni kama asilimia 1 hadi 2, tuseme 1.5, na mwaka wa kwanza inaachia sehemu ndogo tu, kwenye moja ya kumi mpaka robo. Chukua moja ya tano. Kilo 100 za mboji kavu zina kilo 1.5 za naitrojeni, zinazofika mwaka huu ni gramu 300. Kwa hiyo mita moja ya mraba inataka karibu kilo 7 za mboji, tena kavu, ikiwa na maji ni zaidi sana. Ya kuku ni hadithi nyingine, ina kama asilimia 3 na nusu yake au zaidi inafika mwaka wa kwanza, kwa hiyo kilo 1 na kitu kwa mita inatosha. Udongo wako nao una kitu, hasa kama kulikuwa na kunde au maharage kabla, kwa hiyo punguza. Lakini mnaona ile koleo moja kwa shimo na "nimeweka mbolea" ni nini? Ni maombi.

Mtu atadakia, basi kila msimu kuku kuku kuku. Polepole. Samadi ina fosforasi nyingi ukilinganisha na mahitaji ya mmea, ukijaza naitrojeni kwa samadi peke yake miaka yote, fosforasi inarundikana udongoni na mvua inaipeleka mtoni. Ndiyo maana mimi napenda mboji kiasi, ya kuku kiasi, na jamii ya kunde kwenye mzunguko. Na naitrojeni ikizidi kwenye brokoli shina linakua haraka mno linabaki na tundu katikati. Tundu hilo likiwa na ukahawia ndani, fikiria upungufu wa boroni, ila msikimbilie kumwaga boroni, kati ya dawa na sumu hapo ni padogo sana, pima udongo kwanza.

Muda umeniishia naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka haraka. Majivu yanaongeza potasiamu na yanapunguza asidi, lakini usiyachanganye na samadi ya kuku rundoni, amonia itaruka yote. Pihechi ya udongo wa brokoli, kile kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, iwe 6 hadi 7, asidi ikizidi molibdenamu, madini ambayo mmea unayataka kidogo tu, haipatikani na majani yanakuwa membamba kama mjeledi, pia ule ugonjwa wa mizizi kuvimba mafundo unapenda udongo wa asidi na ukiingia unakaa miaka mingi, chokaa inasaidia, haiponyi. Unga wa mifupa kwenye udongo wenye pihechi ya juu ya 7 ni kupoteza muda. Mbolea za maji, ile ya kuloweka samadi au majani, zinafika haraka kuliko samadi yenyewe na ndizo pekee ningeweka katikati ya msimu kama majani yameanza kupauka, ila ni dhaifu, mwagia udongoni na siyo kichwani, mmea ukiwa mchanga bado, na zitokane na kitu kilichoiva.

Hii nyingine siiruki hata mwenyekiti akizima taa. Samadi ya mifugo iliyokula nyasi zilizopigwa dawa ya magugu, hizi za aminopiralidi na klopiralidi, dawa inapita tumboni mwa mnyama inatoka ikiwa nzima na inavumilia mpaka kwenye mboji. Brokoli yenyewe inaweza isionyeshe kitu, ukajisifu, alafu unayempanda baada yake, nyanya au maharage, anatoka majani yamejikunja. Uliza samadi imetoka wapi. Hawajui? Chukua makopo mawili, moja udongo wako mtupu, jingine udongo na samadi, panda maharage kote, yaangalie wiki 3.

Na ukishavuna kichwa using'oe, machipukizi ya pembeni yanakuja, yanakatwa kabla maua hayajafunguka njano. Baada ya hapo majani na mashina yana naitrojeni nyingi kuliko kichwa ulichobeba, yarudishe ardhini, isipokuwa mizizi ikiwa na mafundo, hiyo itoke shambani kabisa na isiguse rundo. Haya, yule wa swali la majivu, simama.