Nguzo, bomba na mnara ndani ya uwanja wako: fidia inapotelea wapi

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze nanyi wakazi wa Goba kuhusu fidia pale nguzo, bomba au mnara unapoingia kwenye eneo la mtu. Kazi yangu ni uthamini, yaani kukadiria thamani ya mali, kwa hiyo nitawaeleza fidia inahesabiwaje na inapotelea wapi. Nionavyo mimi, wengi huipoteza siku moja tu: siku ya kuhesabu mali.

Tuondoe kwanza lililo jepesi. Nguzo ya mtaani inayokuletea umeme wewe na jirani yako, msiitegemee iwape hela. Mara nyingi imesimama kwenye hifadhi ya barabara, au wewe mwenyewe uliridhia ipite kwako ili upate luku. Kama imekaa vibaya, omba ihamishwe, ila jiandae kuulizwa nani atagharamia. Na kabla ya kugombana na mafundi, tafuteni bikoni zenu, zile alama za mpaka wa kiwanja. Nimeshakuta mtu anadai fidia ya nguzo iliyoko nje ya mpaka wake, na ukuta wake ndio umevuka.

Ikija laini kubwa ya umeme au bomba kubwa, hapo mambo ni mengine. Dar haya si mageni: bomba la gesi linalotoka Mtwara hadi Kinyerezi, lililozinduliwa mwaka 2015, bomba la mafuta la TAZAMA linaloanzia Kigamboni kwenda Ndola, Zambia, mabomba ya maji yanayotoka Ruvu. Hapo hutengwa mkuza, yaani ukanda ambao hujengi wala hupandi miti mirefu. Hati unabaki nayo na kodi ya ardhi unaendelea kulipa, lakini matumizi yamekatwa.

Kifungu cha 156 cha Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kinasema fidia italipwa kwa matumizi ya ardhi hiyo, pamoja na uharibifu wa miti, mazao na majengo. Mlipaji ni wizara, mamlaka au kampuni iliyoomba njia hiyo. Asikurushe mtu kwa mkandarasi, mkandarasi naye akurushe kwa diwani. Kingine ambacho watu wengi hawakijui: sheria inamtaja mtu anayekalia ardhi kihalali au kwa vitendo. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba huna hati basi huna chako. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, leseni ya makazi, risiti, vyote leteni.

Halafu kuna wale vijana wa upimaji wanaotangulia na panga kufyeka mstari wao wa kupimia. Wanakata migomba mitano, mpapai, wanaondoka, na miezi sita baadaye njia inapitishwa kwa jirani. Mama, hiyo migomba mitano inalipwa! Sheria inahesabu pia uharibifu wa kazi za awali za kutafuta njia, hata kama mwishowe njia haikupita kwako. Piga picha kwa simu kabla panga halijashuka, na umwite mjumbe aone.

Sasa siku yenyewe ya kuhesabu. Mthamini atakuja na kiongozi wa mtaa, utapigwa picha umeshika kibao chenye namba, na fomu itajazwa. Usimwachie shughuli hiyo mpangaji wala kijana wa dukani. Tembea naye hatua kwa hatua. Mnazi unaozaa na mche wa mnazi havina bei moja. Hakikisha umri wa mti umeandikwa. Vinavyosahaulika kila mara ni choo cha nje, karo la maji machafu, kisima, sakafu ya zege uani, ukuta, na msingi ulioishia njiani. Makaburi nayo yana sheria yake tangu mwaka 1969, na gharama za kuyahamisha hulipwa. Ukimaliza, soma fomu yote ndipo usaini, na uombe nakala. Kuanzia hapo usiongeze kitu. Chumba kitakachoota wiki ijayo hakitahesabiwa, na kitakuharibia jina kwenye vingine.

Ikibidi uhame nyumba kabisa, kuna nyongeza juu ya thamani ya mali. Kanuni za mwaka 2001 ziliweka posho ya makazi kuwa kodi ya pango ya mwezi mara miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa 200,000 inakupa 7,200,000. Kuna posho ya usumbufu, na usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Mwenye duka analipwa faida halisi ya mwezi mara 36, lakini kwa hesabu zilizokaguliwa. Hapa ndipo penye kichekesho: mtu aliyemwambia ofisa wa kodi kuwa duka halimpi kitu, anamwambia mthamini kuwa anaingiza milioni tatu. Mthamini ataamini karatasi.

Majedwali ya fidia yanapitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, yanadaiwa na riba; uthamini ukipita miaka 2 bila kulipwa, unarudiwa. Hamkuelewana, mahakama ipo. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Na ukiishtaki taasisi ya serikali, inatangulia notisi ya siku 90, kisha kesi inakwenda Mahakama Kuu. Njia ni ndefu, ndiyo maana nasisitiza fomu.

Mnara wa simu ni biashara, na bei mnapatana. Angalieni miaka ya mkataba, pango linapanda kila baada ya muda gani, nani anaingia usiku kujaza mafuta ya jenereta, na nani atang'oa lile zege siku mnara ukiondoka. Kumbukeni asilimia 10 ya pango inakatwa kodi ya zuio, yaani mlipaji anaikata kabla hela haijakufikia. Na kama uwanja ndio nyumba ya ndoa, mkataba bila ridhaa ya mwenzi wako utakuletea kesi mbili kwa mpigo: ya kampuni na ya mkeo.

Nimeona mkono kule nyuma. Mzee anauliza: nyumba ni ya marehemu baba, watoto tupo saba, nani asimame kwenye picha? Mzee wangu, asisimame mtu yeyote kama mwenye mali. Mwambie mthamini aandike kuwa ni mali ya marehemu, msimamizi wa mirathi bado. Jina la fomu ndilo litakalotoka kwenye malipo, na likitoka la kaka mkubwa peke yake, wadogo mtamfuata mahakamani. Msingoje mradi ufike. Wiki hii kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, wote mtie sahihi, mchukue na cheti cha kifo mwende mahakama ya mwanzo mkafungue mirathi.