Jibu la Juma limechelewa: kupima kodi inayosubiri databesi

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Hilo feni likizidi kelele mniambie. Leo tunaongelea kodi ya asinki, yani ile inayoagiza data halafu inaendelea na mambo yake (kodi ya programu, ile ya mwenye nyumba mtajuana wenyewe), na namna ya kuiandikia testi, yani kodi ndogo inayokagua kama ile nyingine inafanya kazi sawa.

Nianze na aibu yangu. Kuna sehemu nilikuwa nafanya kazi, tuna programu ya kupeleka mitungi ya gesi majumbani, dada wa simu anaandika jina la mteja anabonyeza tafuta. Siku hiyo kaandika Juma, seva inavutavuta, kabla jibu halijarudi Asha naye kapiga, dada akaandika Asha. La Asha likawahi. Anataka kusoma anwani tu, jibu la Juma nalo hilo limefika, likafunika lile, juu imeandikwa Asha chini oda ya Juma, mtungi wa Mbagala ukaenda Mbezi. Bodaboda alirudi kanuna huyo!

Na testi zetu zote zilikuwa kijani, yani zimepita. Kwa nini? Databesi yetu feki, ile ya kuigiza tunayoitumia kwenye testi, ilikuwa inajibu papo hapo. Wa lugha ya C# mnaijua Task.FromResult, kazi inakuja imeshaisha, await, lile neno la kusubiri, inapitiliza bila kusimama, sasa hapo nani atachelewa nyuma ya nani? Mwenzetu mmoja akaleta dawa ya kulaza testi sekunde 2. Kwenye laptopu yake inapita, kwenye seva leo inapita kesho inagoma, na ukiwa na testi 200 za hivyo ni karibu dakika 7 za usingizi mtupu.

Tatizo lilianzia kwenye intafesi, ule mlango ambao programu inapitia kuomba data. Yetu ilikuwa inarudisha IQueryable, hoja, yani swali la databesi, ambayo haijapikwa bado. Mama ntilie hakupi mchele na sufuria, anakupa sahani. Na ukijaribu kuifeki, unachukua listi ya kawaida unaiita AsQueryable, ToListAsync ya Entity Framework Core (maktaba ya C# ya kuongea na databesi) inakurushia kosa maana listi hiyo haijui asinki. Basi tukabadilisha, ikabaki fankisheni moja, TafutaOda, inapokea jina na tokeni ya kusitisha, inarudisha Task, yani ahadi ya jibu, yenye listi iliyokamilika. Basi.

Sasa utamu uko hapa. Ndani ya feki unaweka TaskCompletionSource mbili, vitu vya kukuachia uamue mwenyewe Task iishe lini, ya Juma na ya Asha. Testi inatafuta Juma, inatafuta Asha, hakuna anayejibiwa, majibu yote umeyashika wewe mkononi. Unamwachia Asha kwanza. Halafu Juma. Unasubiri zote mbili ziishe, unaangalia skrini inaonyesha nani. Mara ya kwanza ikawa nyekundu, kosa limenaswa, tena fasta bila kulala hata kidogo, nikaruka kwenye kiti kama Simba wamefunga dakika ya 90 (Yanga mnisamehe).

Ila angalizo, fankisheni ya kitufe isiwe async void, yani asinki isiyorudisha kitu, irudishe Task, la sivyo testi haina cha kusubiri.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari michache, kila utafutaji unapewa namba, jibu likija na namba ya zamani linatupwa. Kuna mtu atasema si usitishe tu kwa tokeni, eeh sitisha, lakini kusitisha ni ombi, jibu linaweza kuwa limeshatoka huko liko njiani.

Ndio kaka, uliza... Anauliza databesi yenyewe je, haipimwi? Inapimwa, tena databesi ya kweli, testi chache tu za SQL, lugha ya databesi, kwa sababu feki yangu haijui kwamba namba ya simu hairuhusiwi kujirudia, ukimwingiza Juma mara mbili inapokea tu inanyamaza.