Povu, Salfa na Pampu: Hamira Mbele ya Sumu

Hamjambo nyote. Hapa mezani pana glasi mbili. Kila moja ina kijiko kidogo cha hamira ya punje, hiyo hiyo ya kuumulia maandazi, iliyolowekwa kwa maji ya uvuguvugu. Ya kulia ilichemshwa dakika kumi, ikapozwa. Sasa natia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa kemisti. Tazameni. Kushoto povu linafurika. Kulia, kimya.

Wengi watasema hamira ya kushoto ni hai, ya kulia imekufa. Tusikimbilie hapo. Povu ni oksijeni, na linatokana na kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huvunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kuchemsha kumeharibu katalesi, basi kulia hakuna kitu. Lakini asilimia 3 ni karibu milimoli 880 kwa lita, ilhali hamira inayokua vizuri maabara huanza kutaabika kwenye milimoli 1 hadi 3. Seli za kushoto zikifa, povu litaendelea kwa muda, maana kimeng'enya hufanya kazi hata mwenyewe akishakufa. Mkiona povu, mmeona katalesi. Uhai unapimwa kwa njia nyingine, nami nitafika huko.

Peroksaidi yenyewe ni ya pole. Hatari huja inapokutana na chuma ndani ya seli: hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, ambayo hupora elektroni kwa chochote kilicho karibu, iwe DNA, mafuta ya utando au protini. Hamira haihitaji kumwagiwa kitu ili ipate shida hii. Mitokondria zake, yaani vyumba vya nishati ndani ya seli, zikipumua, huvujisha supaoksaidi, oksijeni iliyobeba elektroni ya ziada, kila siku. Supaoksaidi hugeuzwa peroksaidi na kimeng'enya Sod1, kinachotumia shaba na zinki, na Sod2 kilichomo ndani ya mitokondria, kinachotumia manganizi.

Seli hujuaje kwamba imevamiwa? Hapa ndipo ninapowaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu mtambo huu ni mzuri mno kuupita mbio. Kuna protini iitwayo Yap1, kazi yake kuwasha jeni. Siku za kawaida huingia kwenye kiini cha seli na kutolewa papo hapo na msafirishaji Crm1, kwa kuwa mkiani ina alama inayosema "nitoe". Peroksaidi ikiingia, hukutana kwanza na protini nyingine, Gpx3, kwenye sisteini yake ya 36 (sisteini ni kiungo cha protini chenye salfa; namba ni nafasi yake kwenye mnyororo). Kwa ukoo, Gpx3 ni mharibifu wa peroksaidi; hapa imekuwa mlinzi wa lango. Sisteini hiyo ikishaoksidishwa hujifunga kwenye sisteini ya 598 ya Yap1, kisha kifungo kinahamia ndani ya Yap1 yenyewe, kati ya sisteini ya 303 na ya 598. Yap1 hujikunja, alama inafichika, Crm1 haina pa kushika. Ndani ya dakika chache Yap1 imejaa kiinini na kuwasha jeni za thioredoksini (protini ndogo inayozima peroksaidi), za kutengeneza glutathioni (molekuli ndogo yenye salfa, yenye kazi kama hiyo), na za pampu kadhaa. Thioredoksini zikishakuwa nyingi hukata kile kifungo, Yap1 hunyooka, hutolewa nje. Wazima moto wenyewe ndio wanaonyamazisha kengele iliyowaita.

Sasa tuulize nani analipa. Katalesi hailipwi, lakini glutathioni na thioredoksini zikishazima peroksaidi moja huwa zimetumika, nazo hujazwa upya kwa elektroni za NADPH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli. NADPH nyingi hutoka kwenye njia ya pembeni ya sukari, njia ya pentosi fosfati, ambayo lango lake ni kimeng'enya Zwf1. Peroksaidi ikipiga, kimeng'enya kimoja cha njia kuu, GAPDH, huzimika upesi, na sukari inageuzwa kwenda pembeni, kama Mombasa Road ikifungwa magari yakahamia Outer Ring. Hamira isiyo na Zwf1 hukua kwa sukari bila tatizo kubwa, ila lazima ilishwe methionini (kiungo kingine cha protini chenye salfa), na peroksaidi kidogo tu huiangusha. Kimeng'enya hicho hicho kwetu sisi huitwa G6PD. Watu wenye upungufu wake ni wengi katika maeneo ya malaria, Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria zikiwemo, na primakwini, dawa ya malaria, inaweza kupasua seli zao nyekundu za damu. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa G6PD kabla ya kupewa dawa hiyo.

Sumu nyingine hudai malipo ya namna nyingine. Chukueni kadimiamu, iliyomo kwenye betri kuukuu za nikeli-kadimiamu. Yenyewe hung'ang'ania salfa. Glutathioni mbili hushika atomu moja ya kadimiamu, na furushi hilo husukumwa ndani ya vakuoli, ghala la seli, na pampu Ycf1, likafungiwa humo. Kila glutathioni ina atomu moja ya salfa, kwa hiyo kila kadimiamu inayozikwa inazikwa na salfa mbili. Salfa ikianza kupungua, hamira hufanya jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote: huacha kutengeneza baadhi ya vimeng'enya vyake vya kila siku na kuweka ndugu zao wenye methionini na sisteini chache. Pdc1 inapungua, Pdc6 inachukua nafasi. Kazi ni ile ile, salfa inaokolewa kwa ajili ya glutathioni.

Shaba ina mfuko wake, protini ndogo Cup1, na aina za hamira zenye nakala nyingi za jeni hiyo huvumilia shaba zaidi. Wakulima wa kahawa wa Kiambu wanaopulizia shaba dhidi ya ugonjwa wa matunda ya kahawa wanatumia kanuni hiyo hiyo: kuizidi seli ya kuvu uwezo wake wa kuifunga shaba.

Flukonazoli, dawa ya kuua kuvu, hutolewa nje ya seli na pampu Pdr5, kwa gharama ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, na swichi ya pampu hiyo ni Pdr1. Katika Candida glabrata, jamaa ya hamira anayewaletea watu ugonjwa, badiliko la herufi moja kwenye jeni ya PDR1 linaweza kuacha swichi ikiwa imewashwa daima. Pampu inasukuma hata kama dawa haipo.

Waokaji na watengeneza juisi, hili ni lenu. Asidi ya sobiki, kihifadhi cha vyakula (chumvi yake ni sobati), huingia ndani ya seli ikiwa haijagawanyika tu, yaani haijaachia protoni yake. Kwenye pH 4.76 nusu yake iko hivyo. Kwenye pH 6.76 imebaki asilimia 1. Ikishaingia ndani, ambako pH inakaribia 7, hugawanyika. Hamira hutoa protoni kwa pampu Pma1 na mabaki kwa Pdr12, na zote mbili hula ATP. Ukiongeza sobati kwenye kinywaji kisicho na uchachu, umetupa pesa.

Walimu na wanafunzi mtakaopima wenyewe, chakula cha kuoteshea hamira kwenye sahani ni hiki: kwa lita moja, gramu 10 za dondoo ya hamira, 20 za peptoni, 20 za glukosi, 20 za aga. Mkiwa Nairobi msiamini kipimo cha mgandamizo cha otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu. Kwa mwinuko wetu, paundi 15 hufikisha takriban nyuzi 118 tu. Mnahitaji karibu paundi 18 kufika 121. Someni kipimajoto. Aga ikipoa hadi nyuzi 50 au 55 ndipo mtie peroksaidi, maana moto huivunja. Chupa ya asilimia 30 ina takriban moli 9.8 kwa lita: kwa sahani ya mililita 25 yenye milimoli 3, mikrolita 7.7. Chupa iliyofunguliwa zamani hudanganya, basi ipimeni kwa kipima-mwanga kwenye nanomita 240. Milimoli 10 isome karibu 0.44. Sahani zitumike siku hiyo hiyo.

Seli zikuzwe kwa nyuzi 30 zikiwa bado zinaongezeka, kipima-mwanga kwenye nanomita 600 kisome 0.6 hivi. Zilizolala usiku kucha tayari zimejiimarisha na zitaonekana sugu kuliko zilivyo. Zikiwa nzito mno, katalesi ya umma itamaliza peroksaidi kabla ya seli yoyote kuumia. Zimueni seli mara kumi kumi, dondosheni mikrolita 5 za kila hatua kwenye sahani, subirini siku mbili au tatu, kisha hesabuni makoloni: hicho ndicho kipimo cha uhai nilichowaahidi. Mkizipa kwanza milimoli 0.2 za peroksaidi kwa saa moja, zitastahimili milimoli 2, isipokuwa mmezizuia kutengeneza protini mpya.

Kosa moja hupita bila kuonekana. Hamira iliyopoteza uwezo wa kupumua ni dhaifu mbele ya peroksaidi, na unaweza kuilaumu jeni uliyoiondoa kumbe mitokondria ndizo zilizoharibika. Daima pandeni seli zile zile kwenye sahani yenye gliseroli asilimia 3 badala ya glukosi. Isiyopumua haioti hapo. Sahani za mfano ziko kwenye meza ya nyuma, ya kwanza ina makoloni, ya pili ni tupu. Zipitieni huku tukipokea maswali.