Mzee Hakusoma: Utaipimaje Kumbukumbu Yake?

Mhadhara kwa wazee na wanaowatunza, Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, Uganda

Assalaam aleikum, wazee wangu na mama zangu. Na nyinyi vijana mliowaleta, karibuni. Nimeombwa nizungumzie dimenshia, ugonjwa unaomla mtu kumbukumbu na akili polepole. Kabla sijaanza, nishikieni maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Semeni nami. Mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Haya, msiandike popote. Nitawadai.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kliniki moja, nina fomu ya maswali iliyotungwa Marekani mwaka 1975. Akaletwa bibi wa miaka 80 hivi. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua, tukaukisia kwa matukio: Kabaka Mutesa alipopelekwa uhamishoni Uingereza mwaka 1953, yeye alikuwa ameshaanza kutumwa sokoni peke yake. Nikamuuliza leo tarehe ngapi. Hajui. Nikamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka 100, akitoa saba kila mara. Akanitazama tu. Nikampa kalamu anakili michoro miwili iliyopandana, akaishika kama anavyoshika mwiko. Kwa alama za fomu ile, bibi alikuwa mgonjwa wa hali mbaya. Kumbe asubuhi hiyohiyo ameuza mafungu yake ya nyanya, amerudisha chenji sawasawa, na anajua nani anadaiwa shilingi ngapi mtaa mzima. Mimi nilikuwa nimempima shule ambayo hakuwahi kwenda.

Tatizo hili watafiti wa Afrika wanalijua. Ibadan, Nigeria, walibuni kipimo cha njiti za kibiriti. Baadaye kikatumika pia wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro. Mpimaji anapanga njiti nne, mzee naye anapanga umbo lilelile. Kalamu haihitajiki, na sidhani humu ndani kuna asiyewahi kushika njiti ya kibiriti.

Na hapa kwetu? Mwaka 2005 watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani walichapisha kipimo kifupi cha kuwachuja watu wenye virusi vya UKIMWI, maana virusi vile navyo vinaweza kuuharibu ubongo. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Tufanye sehemu yake moja. Tumieni mkono msioutumia kulia chakula. Ngumi juu ya paja. Sasa kiganja. Sasa ubavu wa mkono. Tena, haraka: ngumi, kiganja, ubavu. (Watu wanacheka.) Afande, wewe umeganda kwenye ngumi! Usiogope, hata mimi mara ya kwanza nilichanganya.

Sasa deni langu, maana nayo ni sehemu ya kipimo hichohicho. Maneno manne? (Sauti: mbwa, kofia, nyekundu.) Bado moja. Niwasaidie: ni chakula. (Sauti: kunde! Haragwe!) Anayekumbuka mwenyewe anapata alama moja kwa kila neno, anayekumbuka kwa kusaidiwa anapata nusu. Jumla ya kipimo chote ni 12. Ukipata 10 au chini yake, haina maana kwamba tayari una ugonjwa. Maana yake uchunguzwe zaidi.

Hapo ndipo naomba tuelewane, kwa sababu kuchuja ni kitu kimoja na kuthibitisha ugonjwa ni kingine. Utafiti wa vijijini kusini-magharibi mwa Uganda uliochapishwa mwaka 2020 uliwahoji watu 400 wenye miaka 60 na zaidi, na mmoja kati ya watano akanaswa na kipimo chao cha kuchuja. Kule Hai madaktari waliwachunguza tena wale walionaswa, wakapata kwamba wagonjwa ni asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Umri umepanda, idadi imeshuka! Mimi sisomi hapo kwamba Wachagga wana vichwa vigumu kuliko Wanyankole. Nasoma kwamba chujio na daktari hawahesabu vitu sawa, na magazeti yetu hupenda namba kubwa.

Kuna shahidi mwingine asiyehitaji kibiriti: anayeishi na mzee. Ila ana udhaifu wake. Kwetu mzee haachiwi kazi. Chai analetewa, simu anapigiwa, pesa anatunziwa na mjukuu. Akili inaweza kupotea miaka miwili na hakuna aliyeona, kwa kuwa hakuna aliyemdai kitu. Mzee mmoja alisali adhuhuri, akakunja mswala wake, na baada ya dakika kumi akaomba maji ya kutawadha aisali adhuhuri. Nyumbani wakasema ni ucha Mungu. Qurani aliyohifadhi utotoni anaisoma bila kukwama, lakini chakula cha mchana hakumbuki kama amekula. Ya zamani hukaa, ya leo hayashiki. Mtoto akisema "baba hasahau, ana majina ya kikosi chake chote", mimi namuuliza: na ya jana?

Halafu kuna yanayofanana na dimenshia na siyo. Kama kuchanganyikiwa kumeanza Jumatatu na leo ni Alhamisi, kimbieni hospitali, huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito na dawa nazo huvuruga kumbukumbu, na nyingi kati ya hizo zinatibika.

Mmoja ameniuliza nje kuhusu sindano mpya, lecanemab. Ipo, Marekani waliipa idhini kamili mwaka 2023. Inapunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, ukiwa mwanzoni, hairudishi kilichopotea. Bei iliyotangazwa huko ni dola 26,500 kwa mwaka. Posho ya serikali kwa wazee wetu wa miaka 80 na zaidi ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Naipita.

Afadhali masikio. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kutosikia vizuri ni mojawapo, pamoja na presha, sukari, sigara na kuumia kichwa. Nyinyi mliokaa jeshini karibu na mizinga, wangapi mmepimwa masikio tangu mstaafu? Naona mikono miwili.

Mkimleta mzee kliniki, msimtume na bodaboda peke yake. Aje na yule anayelala naye nyumba moja, na dawa zake zote ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, hata za mitishamba. Haya, maswali. Afande wa ngumi, wewe kwanza.