Nani Anamhesabu Mtoto?

Ndugu zangu wazazi, narudi palepale: nani anahakiki hesabu ya watoto katika shule za mkataba (charter), zile zinazolipwa kwa fedha za umma lakini zinaendeshwa nje ya wilaya? Wengine mmeshanisikia nikilisema hili mara nyingi, lakini kila Agosti kuna mtoto mpya anaandikishwa.

ECOT (Electronic Classroom of Tomorrow) mnaikumbuka, makao yake yalikuwa hapahapa Columbus, Ohio. Shule ya mkataba, fedha za umma, masomo yote kwenye kompyuta. Mwaka wa masomo wa 2015–16 ililipwa kwa hesabu ya wanafunzi zaidi ya 15,000. Wakaguzi wa jimbo wakauliza jambo moja tu: mtoto alisoma saa ngapi? Saa zilizothibitika zilitosha wanafunzi wa muda wote kama 6,300 tu.

Sasa sikilizeni utetezi wa wenye shule. Walisema sheria inawadai watoe nafasi ya saa 920 za masomo kwa mwaka. Haiwadai mtoto azisome! Mama lishe akikudai pesa ya sahani ambayo hukuila, eti kwa kuwa wali ulikuwepo jikoni, utamlipa? Hoja hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Ohio, ikakataliwa Agosti 2018. Shule ilikuwa imeshafungwa tangu Januari, katikati ya mwaka, na watoto kama 12,000 wakaanza kutafuta pa kusoma.

Mtaniambia hata shule za wilaya fedha huliwa. Huliwa, sikatai. Lakini bodi ya wilaya mliipigia kura, na kwa kura mtaiondoa. Bodi ya shule ya mkataba hukuichagua. Anayeisimamia kwa niaba yako ni mdhamini, yaani taasisi iliyoipa shule mkataba wake, na hapa Ohio mdhamini anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 3 ya fedha za jimbo zinazoingia shuleni. Rejista ikinenepa, fungu lake linanenepa. Na ni yeye tuliyemkabidhi kuikagua rejista hiyo. Siwaiti wadhamini wezi. Nasema malipo ya mkaguzi yasitokane na hesabu anayoikagua. Jimbo limlipe kiwango kisichobadilika, basi.

Nilitaka tuzungumzie pia mikataba, maana kampuni za mwanzilishi wa ECOT, William Lager, ndizo zilizoiuzia shule uendeshaji na programu. Na California, ambako mwaka 2019 walipitisha sheria ya kusitisha shule mpya za mkataba zisizofundishia darasani. Muda hauniruhusu.

Mwenye mtoto kwenye shule ya mkataba asiondoke. Njoo hapa mbele na jina la shule, tumtafute mdhamini wake ni nani.