Uzamili wa kupiga filimbi

Walimu wenzangu, salaam. Wanasema Tanga waja leo, waondoka leo. Mimi leo nimewafungia mlango, haondoki mtu.

Kila nikitaja shahada ya uzamili ya afya na elimu ya viungo, hakosekani wa kuuliza: "Miaka miwili chuoni, kujifunza kupiga filimbi?" Walionisikia mwaka jana wanajua nakwenda wapi. Nakwenda huko huko.

Mwezi wa pili, kaskazi, saa saba mchana. Shule moja hapa mjini, siitaji, ina mbio za mchujo wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi nchini. Mtoto wa darasa la sita yuko mzunguko wa tatu. Anapepesuka, anasema maneno hayaeleweki, mara chini! Huyu anasema mashetani, yule anasema hakunywa chai. Mwalimu wa michezo anawaamuru wenzake wamzunguke wamkinge jua. Wakamkinga upepo! Na mwalimu mwenyewe, kwa wageni msiojua, ndiye huyu mnayemtazama.

Sasa sikilizeni. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Dodoma linakauka, hewa kavu. Hapa kwetu hewa imeshiba unyevu wa bahari. Jasho linadondoka bure na joto linabaki ndani. Mwili ukipita nyuzi 40 akili huvurugika, ndiyo maneno yale tuliyoyaita mashetani. Mtu huyo hutolewa juani, akapunguzwa nguo, akamwagiwa maji ya baridi mwili mzima na kupepewa, pale pale, huku mwingine akitafuta gari. Aliyefanya hivyo siku ile ni mpishi wa shule na ndoo zake. Mpishi! Mimi nilikuwa na filimbi.

Mtasema hiyo ni huduma ya kwanza, semina ya siku mbili yatosha. Haitoshi! Semina itakufundisha kumwaga maji. Nani atakaa uwanjani Januari mpaka Juni akipima joto, unyevu na mapigo ya moyo ya watoto waliopewa ridhaa na wazazi, kisha amwendee afisa elimu na takwimu za Tanga, si za nchi ya theluji, amwambie mbio zianze saa moja asubuhi? Hiyo ndiyo tasnifu, utafiti wa kumalizia uzamili. Ndiyo maana kuna fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, ndiyo maana kuna takwimu, hizo mnazozikimbia.

Naona mwenyekiti anagusa saa. Haya, haraka. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kipindi chetu cha michezo kinaliwa na hisabati. Wasichana na mavazi ya michezo, watoto wenye ulemavu tunaowapa kazi ya kushika viatu vya wenzao... nilikuwa na kurasa nne, basi.

Mwenye swali la ada anikute nje, mwembeni. Si ndogo, sitawadanganya.