Majaribio Bila Daftari

(Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya wakunga, wanafunzi wa vyuo vya afya na akina mama. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Kamwene. Na wale wa Rungwe na Kyela, ugonile. Haya, tukae, mvua ikianza kupiga bati hatutasikilizana.

Nimepewa mada ndefu: utafiti wa kitabibu katika afya ya wanawake, kuanzia saratani ya matiti hadi usalama wa njia za uzazi wa mpango. Dakika arobaini. Aliyepanga ratiba hii hajawahi kukaa na mama anayeuliza maswali. (Kicheko.) Sitamaliza, na nawaambia mapema ili mtu asije akanidai saratani mwishoni.

Walionisikia siku nyingine wanajua ninakoelekea. Nasema hivi: mwanamke asipowekwa kwenye utafiti, hajaepushwa na majaribio. Anajaribiwa vilevile, pale kliniki, siku ya kawaida ya Jumatatu, kwa dawa ileile. Tofauti ni kwamba hakuna anayeandika. Ni majaribio bila daftari.

Nianze na vijiti vya uzazi wa mpango.

Mama mmoja wa huku kwetu, kijiji sitaji na kituo sitaji, anaishi na VVU. Anameza dawa vizuri, tarehe ya CTC, kliniki ya VVU, hakosi. Ana watoto wanne, akasema sasa basi, akawekewa vijiti viwili mkononi, vile vya miaka mitano. Miaka miwili haijafika, ana mimba. Akarudi kituoni. Mnajua aliambiwa nini? "Mama, wewe ulivitoa." Akapandisha mkono wa gauni: shikeni. Wakashika. Vijiti vipo, na mimba ipo. Hapo wakageuza maneno, kwamba basi aliyeviweka aliviweka vibaya. Nyumbani mume naye akasema la kwake, mnalijua, sina haja ya kulirudia mbele ya watoto hawa wa chuo.

Hakuna aliyemuuliza: mama, unameza dawa gani?

Alikuwa anameza mchanganyiko wa dawa za VVU wenye efavirenzi. Vijiti vile vinatoa homoni iitwayo levonojestreli, kidogo kidogo, kila siku. Efavirenzi inalichochea ini kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi, na vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoivunja homoni ile. Kijiti kinatoa kiasi kilekile, ini linakimaliza kabla hakijafanya kazi. Mama hajakosea. Aliyeweka vijiti hajakosea. Mume ndiye aliyekosea, lakini hilo si la kisayansi. (Kicheko, makofi.)

Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kampala. Wanawake 20 wenye VVU, wanatumia efavirenzi, wakawekewa vijiti hivyo na kupimwa damu mara kwa mara. Ilipofika wiki ya 48, watatu walikuwa wameshapata mimba. Homoni katika damu yao ilikuwa karibu nusu ya ile ya wenzao ambao hawajaanza dawa.

Naona daktari hapo mbele anatikisa kichwa. Ishirini ni wachache. Ni wachache kweli, Daktari, ndiyo maana nimekuja na Kenya pia. Mwaka mmoja kabla, 2015, kumbukumbu za kliniki za magharibi mwa Kenya za wanawake zaidi ya 24,000 zilipitiwa. Waliokuwa na vijiti pamoja na efavirenzi walipata mimba kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wenye vijiti waliotumia nevirapini, dawa nyingine ya VVU.

Na kabla hujatoka hapa ukaenda kutangaza sokoni Mwanjelwa kwamba vijiti ni uongo mtupu, sikiliza nusu ya pili. Hata wakiwa kwenye efavirenzi, wenye vijiti bado walipata mimba kidogo kuliko wenzao wa sindano ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo asiende mtu kung'oa vijiti usiku huu. Nasema hivyo kwa sababu inatokea. Mtu anasikia nusu ya mhadhara, asubuhi yuko kituoni na mkono ameunyoosha.

Sasa hesabuni. Vijiti vile vilipata kibali Marekani mwaka 1996, efavirenzi mwaka 1998. Majibu niliyowasomea ni ya 2015 na 2016. Katikati hapo ni wanawake wangapi wa Afrika walibeba vyote viwili mwilini, kwa maelekezo yetu sisi? Nchi zilizokuwa na wagonjwa wengi ndizo zilizokuwa na wanawake wengi wenye vijiti na vidonge kwa pamoja. Na huku tusijifanye wageni wa habari hii: katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, jirani zetu Njombe walikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu ya mikoa yote.

Kwa nini tulichelewa? Kwa sababu ya huruma. Ndiyo, huruma! Baada ya thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito kwa kichefuchefu, kuharibu viungo vya watoto tumboni, mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo: mwanamke anayeweza kushika mimba asiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Hata kama hana mume, hata kama anatumia uzazi wa mpango. Mwongozo ule uliondolewa 1993. Nia njema kabisa. Lakini dawa ikishapita kwa wanaume, nani anaimeza? Dada yako anaimeza, tena akiwa na mimba ya wiki sita ambayo hajaijua.

Subirini, kisa cha vijiti hakijaisha, bado sehemu inayonikera kuliko zote.

Ikaja dolutegraviri, dawa mpya ya VVU. Dawa nzuri, inashusha virusi upesi, na haiuvurugi mpango wa vijiti. Ilikuwa jibu la yule mama. Mwezi Mei 2018 ukatoka mshtuko kutoka Botswana: kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari kwenye dolutegraviri, watoto wanne walikuwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Wanne ni wengi kwa kasoro ya namna ile. Basi nchi nyingi zikasema mwanamke wa umri wa kuzaa abaki kwenye efavirenzi. Mnaona? Kwa kuogopea mimba yake, tukambakiza kwenye dawa inayopunguza nguvu ya vijiti vinavyomzuia asishike mimba. (Minong'ono.) Ndiyo. Mwanaume akapewa dawa mpya, mke akaambiwa asubiri.

Botswana wakaendelea kuhesabu. Mwaka 2019 walikuwa watano kati ya 1,683, Shirika la Afya Duniani likafungua mlango tena. Miaka iliyofuata idadi ya wanawake waliohesabiwa ikakua, na tofauti ile kati ya dolutegraviri na dawa nyingine ikapotea.

Na nani alikuwa anahesabu? Wanafunzi, andikeni hili kwa sababu mtihani hauliulizi. Wakunga! Tangu mwaka 2014 kwenye hospitali za Botswana wakunga walikuwa wanamkagua kila mtoto anayezaliwa, kichwa, mgongo, vidole, wanaandika, pamoja na dawa ambayo mama alikuwa anameza na tangu lini. Daftari lile lilianzishwa kwa ajili ya efavirenzi. Lingekuwa halipo, hofu ya wale watoto wanne isingeonekana, sawa. Lakini pia isingefutika kamwe. Leo hii wanawake wangekuwa bado wananyimwa dawa kwa uvumi.

Kuna mtu ananong'ona huko kulia, nakusikia, unasema: tusigeuzwe panya wa maabara. Wasiwasi huo nauheshimu, una historia. Vidonge vya majira vilijaribiwa Puerto Rico mwaka 1956, kwa wanawake maskini wa nyumba za serikali pale Río Piedras. Dozi yake tukiitazama leo tunashika kichwa: miligramu 10 za homoni ya projestini, na homoni ya estrojeni mara kadhaa ya iliyomo kwenye kidonge cha sasa. Daktari aliyesimamia, Edris Rice-Wray, mwanamke, aliandika kwamba asilimia 17 walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, na kwamba madhara ni mengi mno. Gregory Pincus, mwenye mradi, akaona wanawake wanajidhania tu. Mwaka 1960 kidonge kikapata kibali Marekani.

Kwa hiyo Puerto Rico daftari lilikuwepo, ila mwenye mradi alilifunga. Dawa ya ubaya ule ni kamati ya maadili yenye meno, fomu ya ridhaa inayosomwa kwa lugha ya mama, na haki ya kuondoka bila kunyimwa huduma. Kwetu NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wana kamati yao, na dawa ikijaribiwa TMDA, mamlaka ya dawa, wanatoa kibali. Ulizeni kibali hicho. Usione haya kumuuliza mtafiti mwenye gari zuri. Lakini kujifungia ndani nako hakukuokoi, nimeshaeleza kwa nini.

Na hapa Mbeya si wageni wa jambo hili. Kuanzia mwaka 2000 wahudumu wa baa 600 wa mkoa huu walifuatiliwa kila baada ya miezi mitatu, damu yao ikaifundisha dunia jinsi mtu mmoja anavyoweza kuambukizwa aina zaidi ya moja ya VVU. Wahudumu wa baa, wale mnaowaita majina kwenye daladala. Sitasema zaidi.

Sindano sasa, maana karatasi za maswali zimejaa sindano. Kwa miaka mingi watu waliuliza: je, Depo, sindano ya uzazi wa mpango, inamwongezea mwanamke hatari ya kupata VVU? Tafiti za kutazama tu zilijibu ndiyo na hapana. Tatizo lake ni kwamba anayechagua sindano mara nyingi ana sababu, mume hataki uzazi wa mpango, kondomu hazungumzii. Utajuaje kama ni sindano au ni maisha yake? Unapiga kura, yaani bahati ndiyo inayoamua nani apate njia ipi. Katika utafiti uitwao ECHO, wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia walikubali kupangiwa kwa kura: sindano, kitanzi cha shaba, au vijiti. Wapo waliosema ni aibu kumpangia mwanamke kwa kura. Mimi nasema aibu ni kumchoma miaka thelathini bila kujua. Matokeo yalitoka Juni 2019. Waliopata VVU: sindano 143, kitanzi 138, vijiti 116. Tofauti kubwa haikuonekana. Nisiwadanganye, utafiti uliundwa kuona ongezeko la nusu nzima au zaidi, ongezeko dogo ungeweza kulikosa.

Sasa jumlisheni hizo namba. 397. Karibu wanawake wanne kwa kila 100 kwa mwaka, na hawa wanapewa ushauri na kondomu, wanaonana na muuguzi. Magazeti yakaandika "sindano ni salama" yakafunga ukurasa. Hao 397 ndio habari! Walikwenda kutafuta uzazi wa mpango, na hatari ilikuwa nyumbani.

Nimebakiwa na dakika ngapi? Saba. Nilijua.

Klipu ya uvimbe wa ubongo, ile inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni utafiti wa Ufaransa, 2024, wa kweli. Waliotumia sindano ya Depo kwa mwaka au zaidi walikuwa na hatari mara 5.6 ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe wa utando wa ubongo. Klipu haisemi kwamba kati ya wanawake 18,061 waliopasuliwa, waliotumia sindano hiyo walikuwa 9. Kwa wale wa kulinganishwa, 90,305, walikuwa 11. Ishara ni ya kweli, ya kufuatiliwa, lakini imesimama juu ya watu wachache, kwa sababu Ufaransa sindano hii haitumiki sana. Inatumika wapi sana? Kwetu. Daftari liko wapi? (Kimya.) Endeleeni kunyamaza.

Matiti. Haraka. Denmark, 2017, wanawake milioni 1.8: wanaotumia homoni za uzazi wa mpango walikuwa na ongezeko la asilimia 20 la saratani ya matiti. Inatisha, eh? Kwa watu halisi ni mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Mwenye kukupa asilimia bila kukupa watu, mrudishe akahesabu.

Upasuaji: zamani titi lote lilikatwa pamoja na misuli ya kifua, kwa imani tu. Daktari Umberto Veronesi kule Milan, Italia, aliwapigia kura wanawake 701. Baada ya miaka 20, waliotolewa sehemu tu ya titi na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa lote. Na mionzi, nimesema. Mama wa Chunya akitolewa uvimbe kisha akarudishwa nyumbani bila mionzi, hakupewa tiba ya Milan. Amepewa nusu yake, na kuhusu nusu hiyo Milan haikuahidi kitu.

Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, naiacha. Kukoma hedhi naiacha, mnialike tena.

Wakunga, kabla hamjatoka: kwenye kadi ya mama mwenye vijiti au sindano, andikeni dawa zote anazomeza, hata za kifua kikuu, maana rifampisini nayo inalichochea ini. Andikeni na tarehe aliyoanza. Akija na mimba, msimshike mkono kwanza, someni kadi.

Maswali. Akina mama wa nyuma kwanza, madaktari mtasubiri. Dada, mpelekee kipaza sauti yule mwenye kitenge cha kijani, ameinua mkono tangu nilipotaja sindano.